Geuza kwanza: manunuzi yetu Malta na Gozo

Kitambaa cha kwanza cha lesi nilichonunua Malta kilinigharimu euro 45, na mpaka leo kiko kwenye droo ya jikoni chini ya mifuko ya plastiki. Sikitandiki mahali. Kila nikivuta droo kutafuta mfuko, kinanitazama.

Na aibu yenyewe ni kwamba mimi ni mtoto wa mshona kofia. Mama yuko Kibokoni, Mombasa, na tangu nipate akili namjua na kofia ya viua mapajani, anatoboa vitundu na kuvizungushia uzi kimoja baada ya kimoja mpaka mwanga umwishie. Kofia moja ya maana humla mwezi na nusu. Dalali huja akaichukua, ikapanda ndege ikaenda Muscat, na bei yake ya kule Mama huisikia kwa watu. Mimi siku hizi naishi Leicester, Uingereza, nafanya kazi kwenye duka la dawa, na sindano naishika kifungo kikikatika tu. Lakini kazi ya mkono naijua nikiiona. Ndivyo nilivyokuwa nikijisifu mpaka Agosti 2025.

Tulikwenda mimi na binti yangu wa miaka 14, siku nane. Yeye alitaka bahari, mimi nilitaka lesi. Ilianzia kazini: bibi mmoja wa Kimalta, mteja wetu wa dawa za presha, alikuja siku moja na kola ya rangi ya asali shingoni, nyepesi kama utando wa buibui. Nikamwuliza ameinunua wapi. Akasema hainunuliwi, ameisuka mama yake. Tangu siku hiyo nikaanza kuweka akiba ya nauli.

Valletta, mji mkuu wa Malta, ni mji uliojengwa kwa jiwe la manjano, barabara zimenyooka kama zimepigwa rula, nyingine zikiteremka kwa ngazi mpaka baharini. Mashujaa wa Mtakatifu Yohana, wapiganaji wa Kikatoliki waliotawala kisiwa wakati huo, waliuanza mwaka 1566, baada ya kuzingirwa na Waturuki mwaka mmoja kabla. Kwenye uwanja ulio mbele ya maktaba kuu amekaa Malkia Victoria wa marumaru, njiwa kichwani, meza za mkahawa zimemzunguka miguuni. Msogelee. Mchongaji amemvika shali ya lesi ya Malta. Malkia aliipenda kazi hii akaiagizia, na kuagizia kwake kukawa tangazo. Ufundi wenyewe ulishika kasi kisiwani miaka ya 1830 na 1840, ulipoletwa ususi wa Genoa, Italia, na mwaka 1851 lesi ya Malta ilikuwa imeshafika kwenye Maonyesho Makuu ya London. Watu walikuwa maskini, hasa Gozo, kisiwa kidogo cha jirani, na mwanamke mwenye mto wa kusukia alikuwa na chakula. Nilimweleza binti yangu yote haya juani. Akaitazama ile marumaru, akauliza, "Sasa nani alipata tabu zaidi, aliyesuka au aliyechonga?" Sijampa jibu mpaka leo.

Duka lililonipunja lilikuwa kwenye mtaa mmoja wa kuteremka, silitaji, kwa sababu mbele yake na nyuma yake yapo mengine yanayouza vitu vile vile. Mwuzaji alikuwa na ulimi mtamu. Kitambaa cha meza, cha mviringo, rangi ya maziwa ya mtindi, kimejaa maua na misalaba ya ncha nane. Kimesukwa Gozo, akasema, kwa mkono, na bibi kizee. Euro 60. Nikatoka mpaka mlangoni, nikarudi, nikasema arobaini, tukakutana 45. Nilitoka pale najiona mjanja. Binti yangu ndiye shahidi: nilikuwa naimba.

Usiku nikampigia Mama kwa video nimwonyeshe. Akasogeza simu puani kama kawaida yake, tukawa tunaongea na paji la uso.

"Kizuri," akasema. "Hebu geuza."

Nikageuza.

"Nisogezee ncha."

Nikasogeza.

"Mwanangu, hii ni mashine."

Nikabisha, nikamwambia amesema bibi kizee. Mama akacheka mpaka akakohoa. "Bibi kizee gani ana vinyweleo vyote hivyo?" Na kweli. Pembeni mwa kila ua, pale uzi ulipokatwa na mashine, palikuwa na vinyweleo vidogo kama ndevu za mvulana wa kidato cha tatu. Kwa macho ya kawaida huvioni, lakini ukikiinua kwenye taa vinasimama vyote. Asubuhi nilirudi dukani. Nikaambiwa kwa upole sana kwamba hakuna kurudisha, na kibao kidogo kipo ukutani, nyuma ya mlango, chasema hivyo hivyo.

Kwa hiyo nikupe kwanza kilichonigharimu euro 45 kukijua. Lesi ya mkono ya Malta haishonwi kwa sindano wala haifumwi kwa ile kulabu tunayofumia vitambaa vya makochi. Inasukwa, kama ukili, kwa nyuzi nyingi zilizofungwa kwenye vijiti, zikipishana na kujipinda. Ukiitazama kwa karibu unaona misuko midogo midogo na vijani vilivyonona kama punje za ngano, na pembeni pamefungwa safi, hapana uzi uliokatwa ukaachwa. Vitambaa viwili vya mkono haviwi pacha hata siku moja. Ukikuta kumi vimekunjwa vimepangwa, na ua la cha juu limelingana na ua la cha chini uzi kwa uzi, weka chini uondoke. Uliza kimechukua saa ngapi. Mwuzaji wa kweli atakujibu bila kufikiri, kwa sababu ni jambo analolifikiria kila siku. Yule wangu aliniambia "nyingi sana". Na mwisho piga hesabu ya kichwani: kitambaa cha upana wa mita moja, kwa euro 45, katika nchi ya Umoja wa Ulaya? Huyo bibi kizee angekuwa anakula nini?

Basi siku iliyofuata nilikwenda sokoni nikiwa mkali kama wembe.

Hapa niseme kidogo kuhusu lugha, maana ndiyo iliyonirudisha moyo. Kimalta ni ndugu wa Kiarabu kinachoandikwa kwa herufi za Kirumi na kuchanganywa na Kiitalia, na sikio la Mswahili halilali. Watu wanaongea Kiingereza vizuri, nchi ilikuwa chini ya Uingereza mpaka 1964, wanaendesha gari kushoto kama sisi, hata plagi ni zetu za pembe tatu. Lakini wakigeukiana wenyewe kwa wenyewe, ndipo utege. Ghali wanasema għali, ila ile gh hawaitamki, inatoka kama "aali". Rahisi ni irħis. Fedha ya kutengenezea pete ni fidda, dhahabu ni deheb, hariri ni ħarir, asali ni għasel, sukari ni zokkor, sabuni ni sapun. Ishirini ni għoxrin, hamsini ni ħamsin, mia ni mija. Mara mbili nilisikia wauzaji wakishauriana bei mbele yangu wakidhani nimetoka sayari nyingine. Na hili lilimshangaza hata Mama: mfungo wa Wakristo wa kabla ya Pasaka, wao Wakatoliki wa kisiwani, wanauita Randan.

Marsaxlokk, soko la Jumapili, nitalipitia haraka. Nenda kwa samaki na kwa mashua. Mashua zao, luzzu, zimepakwa buluu, manjano, nyekundu na kijani, na kila moja ina macho mawili kwenye omo. Mswahili yeyote aliyeona jahazi la Lamu na macho yake ya duara atasimama kidogo. Meza za samaki ni za kweli, lampuki zinaanza kuingia mwishoni mwa Agosti, pweza wamelala kwenye barafu. Ukivuka meza za samaki, zinazobaki ni sumaku za friji, taulo na mikoba ambayo ningeipata sokoni kwetu Leicester kwa bei nafuu na bila kupanda ndege. Kwa samaki nyota tano. Kwa zawadi, moja, na hiyo ni kwa ajili ya mandhari.

Ta' Qali ni jambo lingine. Zamani palikuwa uwanja wa ndege za kivita wa Waingereza, wakati wa Vita vya Pili ukapigwa mabomu sana, na baada ya wao kuondoka mafundi wakaingia kwenye mabanda ya jeshi. Sasa mabanda yametengenezwa upya na pamekuwa kijiji cha mafundi hasa, maduka yenye karakana nyuma. Mbele yako, juu ya kilima, umekaa Mdina, mji mkuu wa kale, na sihitaji kukutafsiria jina. Tulikaa kwa wafua vioo karibu saa nzima. Mdina Glass wapo tangu 1968. Fundi anachota kioo kilichoyeyuka kwenye ncha ya bomba, kinang'aa kama kaa la moto, anakizungusha, anapuliza, anakitia rangi, anakizungusha tena, hasimami hata nukta moja kwa sababu akisimama kinaanguka kama uji. Binti yangu, ambaye hutazama kitu kwa sekunde kumi na tano kisha akahamia kingine, hakuigusa simu. Nilinunua chombo kidogo cha maua, buluu inayoelekea kijani, rangi ya maji ya Watamu saa nne asubuhi. Euro 38, bei imebandikwa, hapana kupatana, na wanakufungia vizuri kiasi kwamba sanduku letu lilipoangushwa uwanja wa ndege nilichosikia kupasuka ni gurudumu. Nyota tano, na ningerudi.

Kwa mafundi wa fedha niliingia nikatoka. Kazi yao ya nyuzi za fedha ni nzuri mno, waya mwembamba kuliko unywele unapindwa ukawa jani, ukawa kidani. Wasonara wetu wa zamani wangewapa heshima. Ila kitu kinachouzwa zaidi ni msalaba wa Malta, ule wa ncha nane, na mimi nilitaka vipuli vya binti yangu. Vilikuwepo, vya mfano wa ua, vimepigwa mhuri wa 925 nyuma, yaani sehemu 925 za fedha katika 1000. Tafuta mhuri huo kwa kioo cha kukuzia, nao hukupa kioo ukiomba. Aliyekataa kunipa kioo alikuwa mmoja tu, na sikununua kwake. Vipuli, euro 29. Binti yangu alivivaa hapo hapo na mpaka leo havijamgeuka rangi.

Sasa Gozo.

Wenyewe huita Għawdex. Unapanda basi la 41 au 42 kutoka Valletta mpaka Ċirkewwa, zaidi ya saa moja kwa foleni ya Agosti, tiketi euro 2.50, kisha feri ya dakika 25 hivi. Kwenda hulipi kitu. Unalipa wakati wa kurudi, euro 4.65, kwa sababu wanajua utarudi tu. Mtu wa Mombasa, aliyezoea kuvuka Likoni kwa miguu bila kutoa senti, anaona huu ni werevu wa aina yake. Ipo pia boti ya kasi moja kwa moja kutoka Valletta, lakini sisi tulitaka feri, binti yangu akae juu apigwe na upepo.

Mabasi yote ya Gozo hukutana mji wa katikati, ambao kwenye ramani umeandikwa Victoria. Waliubadilisha jina mwaka 1887 kwa jubilei ya yule yule malkia mwenye njiwa kichwani. Wenyeji wanaendelea kusema Rabat kana kwamba hawakupata barua. Uwanja wake wa soko unaitwa It-Tokk, na hapo fika asubuhi. Ikishapita adhuhuri maduka yanafungwa, watu wanakwenda kulala mpaka jua lipungue, na mgeni anabaki anazunguka na paka. Tulijifunza siku ya kwanza, tukarudi ya pili. Ndiyo, tulilipa euro 4.65 mara mbili.

Jibini yao ndogo, ġbejna, ni duara la saizi ya chapati ya mtoto lakini nene, la maziwa ya kondoo au mbuzi. Mbichi ni laini inatetemeka, kavu ni ngumu ina chumvi, na ile iliyoviringishwa kwenye pilipili manga inaitwa tal-bżar. Bżar! Bizari imetoka nyumbani ikaoa kwingine. Niliuliza kigandishio chake kinatokana na nini, maana kwa sisi Waislamu lazima uulize, na mama mwenye meza hakukasirika: hii ya mnyama, hii hapa ya mimea, chukua hii. Hiyo ndiyo huduma. Tulikula tatu na mkate na nyanya zilizokaushwa juani, tumekaa kwenye ngazi za kanisa na mafuta yanatiririka mpaka viwiko. Usifikirie kuibeba kwenda Uingereza. Tangu Aprili 2025 abiria hawaruhusiwi kuingiza maziwa, jibini wala nyama kutoka nchi za Umoja wa Ulaya. Nilimwona mtu mbele yetu akiwa amebeba kumi, na uso wake sitausahau.

Asali, ndiyo. Agosti ndipo asali ya zaatari-pori inapotoka, għasel tas-sagħtar, nyeusi kiasi, ina ukali wa dawa nyuma ya utamu. Omba kuonja kabla ya kulipa. Nilionja tatu: moja ilikuwa tamu tu, haina hadithi, ya pili na ya tatu zilipishana kama ndugu wa tumbo moja. Nilichukua ya tatu, chupa ya gramu 250 kwa euro 11. Għali, nikamwambia mwuzaji kwa Kimalta changu cha siku tano. Akacheka, akasema kweli għali, na hakushusha hata senti. Iweke kwenye sanduku la kupakia chini, mkononi watakunyang'anya kama maji.

Halafu chumvi. Kama una pesa ya kitu kimoja tu Gozo, nunua chumvi.

Ukitoka Marsalforn kwa miguu ukiifuata pwani kuelekea magharibi, unafika Xwejni, na mwamba wote ulio chini yako umekatwa miraba miraba kama ubao wa drafti mkubwa unaoteremka baharini. Vidimbwi hivyo vina karne kadhaa. Maji ya bahari yanaingizwa, jua la kiangazi linayanywa, chumvi inabaki imekaa kama ukoko wa wali. Tulifika alasiri, familia ilikuwa kazini: mmoja anafagia kwa ufagio, taratibu, asikwangue mwamba, mwingine anakusanya vichuguu, wa tatu anatia kwenye magunia. Nimewahi kuona mashamba ya chumvi ya Gongoni, kule juu ya Malindi, udongo na matrekta na upeo usioisha. Hii ilikuwa ni kama kuona mtu anafanya kazi ile ile kwa kijiko. Wanauza kwenye pango lililochongwa kando ya barabara, mifuko ya nguo, euro chache tu. Chembe hazilingani, ina unyevu kidogo, na ladha yake haikupigi, inakuja polepole. Nilinunua mitano. Nikiwa Leicester huinyunyiza juu ya mhogo wa kuchoma na pilipili na ndimu, nikafumba macho nikawa pale ufukweni Mama Ngina, Mombasa, jioni ya Jumapili. Nyota tano, na ya sita kama mnaruhusu.

Nimeiacha lesi mwisho kwa sababu tuliipata mwisho. Ndani ya ngome ya Cittadella, juu ya mji, yapo maduka mazuri ya kazi za mikono, na kwa macho yangu mapya niliona kazi za kweli, kwa bei za kweli: kola euro 120, kitambaa cha meza mia nne na ushei. Niligeuza kila kimoja. Hapakuwa na kinyweleo. Lakini mfuko wangu ulikuwa umeshapungua 45, tukashuka bila kitu.

Chini, kwenye uchochoro nyuma ya It-Tokk, kulikuwa na mlango wazi na bibi amekaa kizingitini kwenye kiti kifupi. Mbele yake mto mrefu, mwembamba, umejazwa majani makavu ukakazwa, umeegemezwa kwenye kiti kingine. Mto huo wanauita trajbu. Juu yake karatasi ngumu yenye mchoro wa matundu matundu, na nilipouona mchoro ule moyo ulinidunda, maana ndivyo Mama anavyotoboa wa kofia. Pini zimesimama kama mkutano. Na kutoka kwenye pini zinaning'inia nyuzi za hariri, kila uzi na kijiti chake cha mti, vijiti kama arobaini hivi. Mikono yake ilikuwa inavirusha kulia, kushoto, kulia, na vinagongana kwa mlio wa kete za bao. Alikuwa anatuangalia sisi, haangalii mikono.

Nikamwambia mama yangu pia ni fundi, nikamwonyesha kofia kwenye simu. Aliomba niikuze picha. Akaikuza mwenyewe zaidi, akahesabu kitu kwa midomo. Akauliza kama macho ya Mama bado mazima. Nikasema amefanyiwa mtoto wa jicho mwaka juzi, moja. Akanionyesha lake, la kushoto.

Alijifunza akiwa na miaka saba. Binti yake anafanya kazi benki, Valletta, hasuki. "Na wewe unashona?" akaniuliza. Binti yangu alinitazama kusubiri nitasema nini. Nikasema kidogo.

Nikaona haya kuuliza, lakini nikauliza: kama anacho kisicho na msalaba, ni cha mtu wa kwetu. Wala hakushtuka. Akaingia ndani akarudi na lile kopo la buluu la biskuti, lile lile ambalo kwetu ukilifungua hukuti biskuti, na kwake nako hazikuwamo. Akatoa kitambaa cha saizi ya kisahani cha chai, rangi ya asali, maua sita ya punje za ngano yamezunguka duara, katikati wavu mtupu. Nikakigeuza. Akatabasamu, akanyamaza. Nyuma kama mbele.

"Siku ngapi?"

"Tatu. Asubuhi mpaka chakula."

Jirani yake aliyekuwa dirishani akauliza kitu, naye akamjibu, "Ħamsa u tletin." Hamsa na thelathini! Binti yangu, ambaye Kiswahili chake ni cha kuombea pesa, alinigusa kiwiko: "Mama, thelathini na tano." Mdomo wangu ulishajipanga kusema ishirini na tano, kwa mazoea tu. Nikaumeza. Nilitoa noti, bibi akakifunga kwenye karatasi nyembamba ya duka la mikate, na hakukuwa na risiti. Wenye kupenda risiti waende Cittadella.

Desemba nilikwenda nyumbani. Nilimpelekea Mama chumvi mifuko miwili, asali, na kile kitambaa. Asali aliionja akasema ya Kitui inaishinda. Chumvi aliitia mfukoni mwa kanzu yake kama peremende. Kitambaa alikipeleka kibarazani kwenye mwanga, akavaa miwani, na cha kwanza alichofanya, kabla hata hajauona upande wa mbele, alikigeuza. Akakaa nacho muda. Akapitisha kucha kwenye pembe.

"Kwa ngapi?"

"Elfu tano na ushei, kwa hela ya hapa."

"Siku?"

"Tatu."

Akakikunja mara mbili, akakiweka juu ya goti, akaichukua kofia yake ya viua akaanza tena alipokuwa ameishia.

"Amejipunja," akasema.